Safu ya Mrithi

Fomu imekuja, kurasa kumi na moja.
Nimeisoma kituoni, Jumanne, jenereta ikikohoa,
mlango umezuiwa kwa jiwe
na harufu ya dagaa wa Kibirizi imeingia bila hodi.

Wanapanga kwenda kwenye mwezi mmoja wa Mshtarii,
ule uliojifunika barafu kama uji uliopata utando,
na chini ya utando, wanasema, bahari:
maji mengi kuliko yetu yote,
yasiyojua jua ni kitu gani.
Wanapanga na kale kadogo ka Zohali
kanakovuja kwenye nyufa,
mvuke unatoka kama sufuria yenye kifuniko kibovu.

Sisi wametutafuta kwa sababu ya kina.
Ziwa letu lina chini isiyopumua.
Shusha chupa mita mia tatu,
ipandishe, ifungue: yai viza.
Huko hakuna mgebuka, hakuna kuhe,
kuna vijidudu tu, vinavyokula bila taa,
na hivyo ndivyo wanavyotaka kujifunza kuvitambua
kabla ya kwenda kubisha kwa wasiowajua.

Basi kila wiki, kwa miaka thelathini,
kebo ileile, palepale, nje ya Bangwe:
joto, chumvi, hewa iliyoyeyuka.

Ratiba ni hii.
Kubuni chombo: miaka tisa.
Kubishania fedha: minne
(hawakuiandika, nimeiongeza kwa penseli).
Safari: minane.
Kuyeyusha barafu, kilomita kwa kilomita: mitatu, Mungu akipenda.
Hilo la Mungu pia ni langu.

Nimejumlisha nyuma ya risiti ya petroli.
Nina hamsini na nane.
Neno la kwanza kutoka kule chini likifika
nitakuwa na themanini na mbili,
kama nitakuwa.

Ntahondi, anayezungusha kapi, akacheka:
"Mama Zerida, huo mkopo atalipa nani?"
Nikamwelekeza gatini, kwenye meli kongwe.
Ilifika hapa kwa masanduku,
vipande vipande, kwa reli na kwa mabega.
Waliobeba hawakupata tiketi.
Ikazamishwa, ikaibuliwa, ikazeeka,
na leo mji mzima unauliza itatoka lini matengenezo,
kama mtu anayeulizia hali ya bibi yake.
Ntahondi akanyamaza, akapaka kapi grisi.

Mtaka cha mvunguni huinama, tulifundishwa.
Mtaka cha chini ya barafu, naona, sharti azae kwanza.

Ukurasa wa tisa ndio ulionikwamisha.
Safu ya Mrithi:
andika jina la atakayeshika kazi hii baada yako.

Ntahondi mgongo wake umeanza kulalamika.
Zerida yuko Tabora, anasomea uuguzi,
halipendi ziwa.
Lilimchukua baba yake usiku mmoja
na halikurudisha hata kandambili.
Mimi nimelipima kila wiki tangu hapo.
Hajawahi kuniuliza kwa nini,
nami sijawahi kuwa na jibu linalotosha kwenye simu.

Kalamu ikakauka mara mbili.
Mwisho sikuandika jina. Niliandika:

Wewe utakayekuja,
kapi huvutia kushoto, lishike kwa goti.
Ukifungua chupa ya chini, upepo uwe mgongoni kwako.
Usiandike namba uliyoitarajia,
andika iliyokuja.
Hewa ikisoma sifuri, usidhani kifaa kimekufa;
sifuri ndiyo kazi yenyewe.
Alama nyekundu kwenye kebo ni mita mia mbili.
Iko nyingine nyekundu, juu yake kidogo.
Hiyo ni rangi ya kucha.
Aliipaka mtoto wa miaka tisa
siku niliyokosa wa kumwachia.
Usiihesabu.
Usiifute.